Mkongo Umefika, Viunganishi Havijapatana

Kamba, walisema wahenga, hukatikia pembamba. Tumezoea kuutumia msemo huu tunapozungumzia undugu, siasa na ndoa, lakini siku hizi unafaa pia katika jambo ambalo wengi wetu tumeliachia mafundi, nalo ni mawasiliano. Mwaka 2009 nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, TEAMS iliyofika Mombasa mwezi wa Juni na SEACOM iliyoanza kazi mwezi uliofuata, ziliifunga nchi yetu na ulimwengu kwa nyuzi za kioo. EASSy ilifuata mwaka 2010. Huku bara, serikali ilikuwa imekwisha kuanza kulaza mkongo wa kitaifa tangu mwaka 2007, na mwaka 2022 ikatangaza nia ya kufikisha kilomita 100,000 za mkongo kote nchini. Kamba hii ni ndefu na ni imara. Basi hukatikia wapi? Aghalabu hukatikia kichwani, mahali padogo kuliko ncha ya kidole, ambapo kebo moja hukutana na nyingine na kukataa kupatana nayo.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza kutopatana huko, na kudai kwamba ni jambo linalomhusu mwalimu na mwanafunzi kabla ya kumhusu fundi. Mimi ni mtu wa isimu, wala sijapata kuvaa koti la mhandisi. Hata hivyo, kasoro ninayoizungumzia, ukiichunguza kwa makini, utaona ni kasoro ya lugha kwa kiasi kile kile ilivyo kasoro ya vifaa.

Chukua mfano wa Asumbi, katika Kaunti ya Homa Bay, upande unaoelekea Migori. Pale, kandokando ya misheni ya Kikatoliki, pamekusanyika taasisi za elimu ambazo sifa zao zimevuka mipaka ya Nyanza, kikiwamo chuo cha walimu na shule ya upili ya wasichana. Mwalimu wa leo katika mahali kama hapo hupeleka alama za tathmini za wanafunzi wake kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, na hujaza fomu za utendakazi wake za Tume ya Huduma za Walimu kwa njia hiyo hiyo. Mtandao ukikosekana shuleni, ama atatumia simu yake kwa fedha zake mwenyewe, ama atafunga safari hadi Rongo au Homa Bay kutafuta mahali penye kompyuta za kulipia. Saa anazozipoteza barabarani ni saa ambazo darasa halina mwalimu. Mwanafunzi naye, ambaye mtaala mpya unamtaka atafute, alinganishe na kubuni, hubaki na kitabu kimoja kinachozungushwa baina ya madawati matatu.

Kwa sehemu hii ya nchi, uzi wa kioo una faida nyingine ambayo watu wa Nairobi huenda wasiifikirie. Eneo la Ziwa Victoria na vilima vya Kisii linajulikana kwa wingi wa radi. Waya wa shaba unapopigwa na radi hupitisha umeme huo hadi ndani ya chumba cha kompyuta, na asubuhi mwalimu mkuu akakuta mashine zote zimekufa. Kioo hakipitishi umeme. Shule iliyounganishwa kwa uzi wa kioo baina ya jengo na jengo imejikinga dhidi ya njia mojawapo ya maafa hayo. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuukataa mkongo. Tuna kila sababu ya kuujua.

Uzi wenyewe ni kitu cha ajabu. Mwaka 1966 mwanasayansi Charles Kao, akifanya kazi Uingereza pamoja na George Hockham, alionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kuipeleka nuru masafa marefu. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, mwaka ule ule TEAMS ilipofika Mombasa. Igawanye milimita moja mara elfu, na kila kipande ukiite mikromita. Uzi wa kioo una kipenyo cha mikromita 125. Ndani yake mna kiini, na ndimo nuru inamosafiri. Katika uzi wa njia moja, unaotumiwa kwa masafa marefu, kiini kina upana wa takriban mikromita 9 tu. Katika uzi wa njia nyingi, unaotumiwa zaidi ndani ya majengo, kiini kina upana wa mikromita 50 au 62.5.

Nyuzi mbili zikikutana, viini vyake lazima vitazamane uso kwa uso, pasiwe na pengo wala kupindana. Hiyo ndiyo kazi ya kiunganishi. Kichwa cha kebo kina kijiti cha kauri kilichotobolewa katikati. Uzi hupitishwa humo, ukagandishwa, kisha uso wake ukasuguliwa hadi ukang'aa. Vichwa viwili huingizwa katika adapta kutoka pande mbili, na vijiti vikagusana ndani.

Kama watengenezaji wote wangeafikiana tangu mwanzo, makala haya yasingekuwa na haja. Lakini haikuwa hivyo. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilileta kichwa kiitwacho ST, ambacho huingizwa na kuzungushwa kidogo kama balbu ya taa. Japani ilitoa FC, ambacho hukazwa kwa skrubu, kisha katika miaka ya 1980 ikatoa SC, kichwa cha mraba kinachosukumwa tu kikashika. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Lucent ikatoa LC, kichwa kidogo chenye ulimi wa kubania. Vitatu vya kwanza vina kijiti cha unene wa milimita 2.5, cha LC ni milimita 1.25, yaani nusu yake. Kila kimoja kilikuwa na sababu nzuri ya kuzaliwa, na vyote vingali vinapatikana madukani na katika kuta za majengo yetu.

Mtu anayeshika kebo yenye kichwa cha LC mbele ya tundu la SC hana haja ya kuelezwa kwamba mambo hayaendi. Kosa hilo ni la aina nyepesi, kwa kuwa linaonekana. Adapta yenye tundu la SC upande mmoja na la LC upande wa pili, au kebo fupi yenye kichwa kimoja cha kila aina, huliondoa mara moja. Yanayotisha ni makosa ambamo vichwa vinaingiana vizuri kabisa ilhali havipatani.

La kwanza ni la mchongo. Kuna vichwa ambavyo uso wa kijiti chake umesuguliwa ukawa wima, na kuna vingine ambavyo uso umechongwa kwa mwinamo wa nyuzi 8, ili nuru inayorudi nyuma ipotelee pembeni isiisumbue mashine iliyoituma. Kwa desturi, kwenye uzi wa njia moja, kichwa cha uso wima huwa cha buluu na cha uso wa mwinamo huwa cha kijani. Umbo lao la nje ni moja. Kichwa cha buluu kitaingia katika tundu la kijani na kushika barabara, lakini ndani, uso wima umekutana na uso wa mwinamo, pamebaki pengo la hewa, na nuru inavuja. Ukivikaza kwa nguvu, nyuso zenyewe zaweza kuumia.

La pili ni la uzi. Kebo ya njia nyingi, ambayo gamba lake aghalabu ni la rangi ya machungwa au ya samawati ya maji, yaweza kuwa na kichwa kile kile cha SC kama kebo ya njia moja, ambayo gamba lake la ndani ya jengo huwa la manjano. Ukiziunganisha, nuru iliyotoka katika kiini cha mikromita 50 hutakiwa iingie katika kiini cha mikromita 9. Ni sawa na kumimina debe la maji katika mdomo wa chupa: zaidi ya sehemu tisa kwa kumi humwagika nje.

La tatu naliita kosa la mazungumzo. Kebo nyingi zina nyuzi mbili, mmoja wa kutuma na mmoja wa kupokea. Mdomo wa mashine hii unapaswa kuelekea sikio la mashine ile. Nyuzi zisipopishwa, mdomo hukabili mdomo na sikio hukabili sikio. Pande zote mbili hunena na hakuna asikiaye.

Katika shule moja ya upande huu wa ziwa, ambayo sitaitaja, nilionyeshwa mashine iliyokaa kabatini muhula mzima ikisubiri maafikiano ya aina hiyo. Mkongo ulikuwa umefikishwa ukutani na kuishia katika kisanduku chenye tundu la SC la kijani, na tundu la mashine lilikuwa kama hilo. Kebo fupi ya kwanza ilikuja na vichwa vya LC, ikarudishwa. Ya pili ikaja na vichwa vya SC, ikaingia, watu wakapiga makofi. Mtandao ukawa unakuja na kutoweka kama mgonjwa wa homa ya vipindi. Walimu wakaulaumu mkongo; waliouleta mkongo wakailaumu mashine; aliyeuza mashine akaulaumu umeme wa shule. Vichwa vya kebo ile vilikuwa vya buluu. Kijana mmoja fundi, aliyeitwa kwa shughuli nyingine kabisa, alivitazama, akaomba ya kijani, na mambo yakatengenea. Kilichokosekana muhula mzima kilikuwa kebo ya mita chache, yenye bei ndogo kuliko nauli zilizokwisha kutumiwa kuilalamikia.

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyefundisha Asumbi ataelewa jambo ninalolikusudia hapa. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Dholuo amekua katika lugha ya Kinailoti, isiyokuwa na ngeli wala upatanisho wa kisarufi wa namna ya lugha za Kibantu. Huandika "kiti yangu" na "kitabu yake", nasi tunapitisha kalamu nyekundu. Lakini hata tunaposahihisha, tumekwisha kumwelewa. Msikilizaji wa lugha ya binadamu ni mwenye huruma: huziba mapengo, hukisia, huuliza tena. Kioo hakina huruma hiyo. Nuru haikisii. Kichwa cha buluu katika tundu la kijani ni "kiti yangu" ambayo hakuna wa kuielewa.

Tena, tumezoea kulazimisha mambo. Ni nani miongoni mwetu ambaye hajaona plagi ya pini mbili ikiingizwa katika soketi yetu ya matundu matatu kwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu ya wino? Umeme huja, simu ikajaa, nasi tukajipongeza kwa werevu wetu, ingawa tumeukwepa ulinzi uliowekwa kwa ajili ya uhai wetu. Ustadi huo wa kalamu haufui dafu mbele ya uzi wa kioo. Hapa, kinachoingia kwa nguvu si kile kinachofanya kazi.

Wala tusidhani kwamba kutopatana kwa viungo ni msiba ulioletwa na kompyuta. Afrika Mashariki imekuwa ikiulipia kwa reli. Reli ya zamani kutoka Mombasa, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyokamilishwa katika miaka ya 1970 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upungufu wa upana wa kiganja, lakini behewa la huku haliwezi kupita kule, na mwaka 1998 kikafunguliwa kituo huko Kidatu cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja hadi nyingine. Reli yetu mpya ya SGR, iliyoanza safari za Nairobi mwaka 2017 na kufikishwa upande wa Naivasha mwaka 2019, ina upana wa milimita 1,435. Shehena ya Uganda inayofuata reli hulazimika kuhamishwa huko ili iendelee na ile ya zamani. Kila kontena linaloinuliwa hapo ni gharama ya viunganishi visivyopatana.

Dawa ya tatizo hili ni usanifishaji, na sisi wa lugha tunaujua utamu wake na uchungu wake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ili kusimamia tahajia na vitabu vya shule. Kimvita na Kiamu, zenye hazina kubwa ya ushairi ulioandikwa muda mrefu kabla ya kamati hiyo, zilipoteza nafasi yao darasani. Huo ndio uchungu. Utamu ni kwamba kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam chaweza kusomwa Asumbi bila mkalimani. Katika nyuzi za kioo, Tume ya Kimataifa ya Teknolojia ya Umeme, IEC, imeweka vipimo vya kila kichwa katika mfululizo wa viwango nambari 61754. SC iliyotengenezwa Shenzhen itaingia katika adapta ya SC iliyotengenezwa Ulaya. Lakini tume hiyo haikuchagua lahaja moja na kuzifuta nyingine. SC ina kiwango chake, LC ina chake. Uchaguzi umeachiwa mnunuzi, na mnunuzi ni shule.

Hapa ndipo ninaporejea kwenye taaluma yangu. Tazama jinsi shule inavyoagiza. Katika hati ya ununuzi huandikwa: kebo ya faiba, mita tatu, moja. Sentensi hiyo ina urefu na idadi, lakini haina kichwa, kwa maana zote mbili za neno hilo. Mwenye duka huijaza kwa alichonacho rafuni. Agizo lililokamilika litataja mambo matano: umbo la kichwa cha kila upande, mchongo wa uso wake, aina ya uzi, kama ni uzi mmoja au miwili, kisha urefu. Hayo yanatosha katika mstari mmoja, na hayahitaji shahada ya uhandisi. Yanahitaji mtu aliyetazama tundu la ukutani na tundu la mashine kabla ya kushika kalamu.

Lakini huwezi kutaja usichokuwa na jina lake. Watanzania wametupa "mkongo", neno ambalo limekubalika hata katika jina la Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. "Kiunganishi" nalo ni letu sote, na mwanafunzi amelijua tangu alipofundishwa aina za maneno: na, lakini, ingawa, kwa hivyo. Mlinganisho huo ni mzuri kuliko unavyoonekana, kwani hata katika sarufi huwezi kuweka "ingawa" mahali pa "kwa hivyo" kwa hoja kwamba vyote ni viunganishi. Yaliyobaki, tuyape majina: uzi wa njia moja na wa njia nyingi, uso wima na uso wa mwinamo, kijiti, adapta. Sidai kwamba istilahi hizi ndizo za mwisho. Nadai kwamba zitumiwe darasani, zibishaniwe, na zinazofaa zibaki.

Huenda msomaji akasema kwamba mwalimu ana mizigo ya kutosha, na kwamba vichwa vya kebo ni kazi ya fundi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu iwapo fundi angekuwa anakaa shuleni. Katika shule nyingi za mashambani fundi huja mara moja, huondoka na maarifa yake, na mwalimu ndiye anayebaki na kisanduku cha ukutani. Kwa hiyo yafaa shule inapopokea mkongo idai kuachiwa karatasi moja inayoeleza kilichofungwa: aina ya uzi, aina ya tundu, rangi zake. Karatasi hiyo ibandikwe kando ya kisanduku, wala isifungiwe katika kabati la mwalimu mkuu. Chuo cha walimu, kinachowafundisha walimu watarajiwa kutumia kompyuta, kisione haya kuwapa vichwa vinne tofauti mkononi wavitazame na kuvitaja.

Nao wafundishwe adabu mbili za kifaa hiki. Mosi, asichungulie mtu ndani ya kichwa cha uzi unaofanya kazi, kwani nuru yake haionekani kwa macho na yaweza kuyadhuru. Pili, kifuniko cha plastiki kisitupwe. Barabara zetu za muramu hutoa vumbi jekundu linaloingia hata katika sanduku lililofungwa, na kiini cha mikromita 9 huzibwa na chembe ambayo jicho haliioni. Kichwa kinachopatana kwa umbo, mchongo na uzi bado hushindwa kazi kwa uchafu. Kabla ya kuunganisha, fundi mzuri hufuta uso kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilichotiwa spiriti maalumu; mwalimu mzuri humuuliza kama amefuta.

Taifa limetumia fedha nyingi kuivuta kamba hii kutoka baharini. Ni aibu ikikatikia katika chumba cha kompyuta kwa sababu hakuna aliyejua kuandika neno "kijani" katika hati ya ununuzi. Walimu wenzangu, muhula huu nendeni mkatazame tundu lililo ukutani mwenu, mliandike, mlipe jina, na mwanafunzi mmoja aitwe ashuhudie. Mwaka ujao huenda yeye ndiye atakayeulizwa.